Kumkanda mtoto mwenye mahitaji maalumu: niliyojifunza Nakuru

Chupa ya mafuta ya nazi niliyotoka nayo Mombasa iliganda usiku wa kwanza nilipolala Nakuru. Asubuhi niliikuta nyeupe pe, ngumu kama samli, na mimi mtoto wa Mji wa Kale nikadhani nimeuziwa mafuta mabovu. Kumbe mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Usiku wake hushuka mbali chini ya hapo. Kwetu pwani mafuta hayo ni maji karibu mwaka mzima. Huku ni lazima uyaamshe kwanza: utie chupa ndani ya bakuli la maji moto, uyapashe tena baina ya viganja, ndipo uyapeleke kwenye ngozi ya mtoto.

Naanza na mafuta kwa sababu kila nikirudi nyumbani likizo, ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. "Mwanangu hatembei, nimkande kwa mafuta gani?" Mimi hujibu kwa maswali mengine. Ana umri gani? Amepimwa, akaambiwa ana nini? Misuli yake imekakamaa au imelegea? Ana degedege? Hayo yakishajulikana, mafuta ni jambo dogo.

Nyanyangu alikuwa mkandaji, na wanawake wa mtaa walimwita kila penye mzazi. Mimi nikasomea tiba ya viungo, nikaletwa na kazi huku Bonde la Ufa, na wagonjwa wangu wengi ni watoto wenye ulemavu wanaotoka Njoro, Molo, Bahati, Gilgil, na Bondeni hapa hapa mjini, ambako familia za Waislamu zimekaa tangu enzi za ukoloni. Makala haya nayaandika kwa ajili ya wazazi, mashangazi na nyanya wa pwani, walio nyumbani na waliohamia bara, wenye mtoto ambaye mkono wa kawaida haumfai.

Sisi tuna maneno yetu kwa kazi hii. Kukanda ni kubonyeza na kufinyanga misuli. Kuchua ni kusugua kwa dawa mahali palipouma au palipoteguka. Kusinga ni kupaka manukato na kusugua, kazi ya maharusi zaidi. Mtoto mchanga ndani ya arobaini yake huonjeshwa mengi ya hayo: hukandwa, hunyooshwa mikono na miguu, huvutwa pua ichongoke, hubonyezwa kichwa kipate umbo. Kwa mtoto mzima wa afya mengi hupita bila madhara. Machache hayapaswi kufanyiwa mtoto yeyote: kubonyeza utosi, kumning'iniza kwa miguu, kumkamua matiti yaliyovimba (hujipungukia yenyewe, na kuyakamua huweza kuyatia usaha), kumtia matone ya mafuta puani. Mafuta ya puani hushuka hadi kwenye mapafu na kuleta nimonia isiyopona kwa urahisi.

Kwa mtoto mwenye ulemavu hali ni nyingine. Kunyoosha mguu kunakomfurahisha dada yake kunaweza kumuumiza yeye.

Faida yake ni ipi hasa

Tusiseme zaidi ya tunayoyajua. Utafiti uliotajwa sana ni wa Tiffany Field wa Chuo Kikuu cha Miami, Marekani, uliochapishwa mwaka 1986. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao tayari hali zao zilikuwa zimetulia hospitalini, walikandwa na kunyooshwa viungo dakika 15, mara 3 kwa siku, kwa siku 10. Waliongeza uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao kila siku. Baadaye, mwaka 1992, Field alianzisha taasisi ya kuchunguza mguso peke yake, na moja ya mambo iliyoyaona ni kwamba mkono wenye uzito wa wastani hufaa kuliko mkono mwepesi mno. Mguso wa kupapasa humkera mtoto kama anavyokerwa na nzi.

Kwa watoto wakubwa wenye mtindio wa ubongo au usonji, ushahidi ni mwembamba. Tafiti nyingi ni ndogo. Yanayoonekana ni usingizi bora, maumivu kupungua, choo kulainika, misuli kulegea kwa muda, na mzazi kumzoea mtoto wake. Hakuna utafiti ulioonyesha kwamba kukanda kunaponya ubongo ulioumia, kunanyoosha mfupa uliopinda, au kunamfanya mtoto atembee. Akija mtu nyumbani kwako akakuahidi kwamba baada ya vikao 20 mtoto atasimama, mpe chai na umsindikize.

Kwa mtoto njiti, kabla ya kufikiria kumkanda, kuna jambo lenye nguvu zaidi: kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulioonyesha kwamba kumbeba hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hajatulia, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Ngozi ya njiti ni nyembamba kama karatasi. Asikandwe mpaka wauguzi waseme yuko tayari.

Mtoto aliyekakamaa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hawa ndio wengi ninaowaona, na kwa sababu hapa ndipo nilipokosea.

Mwaka wangu wa pili wa kazi, mama mmoja kutoka upande wa Molo aliniletea mwanawe wa miaka 5, amembeba mgongoni. Mtindio wa ubongo. Alichelewa kulia alipozaliwa. Miguu yake ilipishana kama mkasi. "Daktari," akaniambia, ingawa mimi si daktari, "nimeambiwa akikandwa vizuri atanyooka." Nilitaka kumwonyesha matokeo siku ile ile. Nikashika magoti ya mtoto nikayatenganisha kwa nguvu. Akalia. Nikasema watoto hulia. Wiki ya tatu akawa analia akiuona mlango tu. Mama ndiye aliyeniambia kwamba mtoto halali tena usiku, na kwamba akibadilishwa nguo, mguu wa kushoto ukiguswa hupiga kelele. Picha ya eksirei ikaonyesha nyonga ya kushoto imeanza kutoka mahali pake.

Mtaalamu wa mifupa alinieleza kwamba nyonga ile haikutoka kwa wiki tatu, ilikuwa ikisogea polepole kwa miaka. Lakini maumivu niliyazidisha mimi. Kilio cha yule mtoto kilikuwa habari, na mimi nilikataa kuisikia. Mama hakunilaumu, akaendelea kuniita daktari.

Basi jueni hili: takriban mtoto 1 kati ya 3 wenye mtindio wa ubongo nyonga zake husogea, na hatari ni kubwa zaidi kwa asiyetembea. Kabla ya mtu yeyote kumnyoosha miguu, nyonga zipigwe picha. Mifupa ya watoto hawa pia ni dhaifu, kwa kutosimama, kwa lishe ndogo, na wakati mwingine kwa dawa za kifafa. Huvunjika kwa nguvu ambayo kwa mtoto mwingine ni mchezo.

Msuli uliokakamaa kwa sababu ya ubongo haufanani na msuli uliochoka wa mbeba mizigo. Ukiuvuta ghafla, hujivuta nao kurudi. Kadiri unavyoshindana nao ndivyo unavyokaza. Kwa hiyo kila kitu ni polepole. Mlaze mtoto ubavu, magoti yamekunjwa kidogo, leso iliyoviringishwa katikati ya mapaja. Mkao huo peke yake hulegeza nusu ya ukakamavu. Akilazwa chali, miguu imenyooka, hujipinda kama upinde na kazi inakuwa ngumu bure. Anza mahali pasipo na shida, mgongoni au begani. Weka kiganja chote, siyo ncha za vidole, kitulie hapo mpaka umsikie anavuta pumzi. Kisha shuka kwa mkono mrefu wa taratibu kuelekea kwenye paja na mguu. Ukifika kwenye msuli unaokaza, simama. Usibonyeze, usivute. Ngoja. Kukaza kutapita, nawe utaendelea.

Ngumi iliyofungwa huwasumbua mama wengi, maana kucha humwumiza mtoto na jasho hunuka ndani. Usivute vidole. Kunja kifundo cha mkono kidogo kuelekea ndani, kisha papasa kwa uzito mgongo wa kiganja, kutoka vifundo vya vidole kwenda juu, na ukingo wa upande wa kidole kidogo. Mkono utafunguka wenyewe, na hapo ndipo uoshe, ukaushe na ukate kucha.

Ulaini unaopatikana hudumu muda mfupi, wakati mwingine nusu saa tu. Msiupoteze. Wakati huo ndio wa kumvalisha nguo, kumkalisha kwenye kiti chake, kumlisha, kumfunga vyuma vya miguu kama anavyo, au kufanya mazoezi aliyopewa. Dakika 15 asubuhi kabla ya kumvalisha zinafaa kuliko saa nzima jioni kisha alazwe.

Akishikwa na degedege mkiwa katikati, acha. Mgeuze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika 5, ni hospitali. Na kwa mtoto mwenye kifafa, kafuri isiingie ndani ya nyumba kabisa. Tunaipenda pwani, tunaichanganya na mafuta ya kuchulia kifua, lakini kafuri yenyewe husababisha degedege kwa watoto, ikimezwa na hata ikipakwa kwa wingi. Mafuta ya karafuu na dawa za kuchua zinazochoma ni za watu wazima vilevile.

Mtoto aliyelegea

Kuna mtindio wa ubongo wa namna hii pia, lakini wengi wa waliolegea ninaowaona ni watoto wenye hali ya Down. Hawa hupendeza kukandwa, viungo vyao vinakwenda popote, na hiyo ndiyo hatari. Kiungo kilicholegea hakihitaji kunyooshwa zaidi. Mkono uwe wa haraka kidogo na wa kuamsha, dakika chache tu, kisha awekwe kwa tumbo au akalishwe acheze misuli ikiwa imeamka. Shingo yake usiikunje, usiizungushe, usimvute kwa mikono akining'iniza kichwa: kwa baadhi yao mifupa miwili ya juu ya shingo haikushikana imara, na uti unapita katikati yake. Karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Akibadilika rangi midomoni au akihema sana, acha na umpeleke akaonwe.

Mwenye usonji

Msichana mmoja wa miaka 7 alinifundisha zaidi ya vitabu. Alikuwa hataki kuguswa. Hata maji ya kuoga yalikuwa vita. Mamake alidhani mtoto hampendi. Siku ya kwanza sikumgusa. Nilikanda mto mbele yake. Siku ya nne au ya tano akalala chini ya mto ule, nami nikaukanda kwa uzito huku yeye yuko chini, kichwa nje. Mwezi wa pili akaushika mkono wangu mwenyewe akauweka kwenye nyayo zake.

Wengi wao mguso mwepesi huwauma na mguso mzito huwatuliza. Wakandeni juu ya nguo au blanketi. Fuateni mpangilio ule ule kila siku, kwa mfano miguu, mgongo, mikono, na msiuruke. Hesabuni kwa sauti, moja mpaka kumi, ili ajue inaisha lini. Msipake mafuta yenye harufu, wala udi usifukizwe chumbani wakati huo, hata kama nyumba nzima inaupenda. Na awe na njia ya kusema basi: neno, kadi, au kusukuma mkono. Akisema, mkono uondoke hapo hapo, hata kama ulibakisha kidole kimoja. Mtoto aliyezoea kwamba "basi" yake haisikilizwi nyumbani, hataitumia hata mbele ya mtu mbaya.

Yasiyokandika

Mtoto mwenye mgongo wazi mara nyingi hana hisia chini ya kidonda chake. Maji yakiwa moto mno hatalia, ataungua kimya. Pima joto kwa kiwiko chako. Kama amewekewa mrija wa kutoa maji kichwani, usibonyeze njia yake nyuma ya sikio na shingoni. Wengi wao hupata mzio wa mpira, kwa hiyo msitumie glavu za mpira wala puto za kuchezea. Kijabe, kule ukingoni mwa Bonde la Ufa, kumekuwa kwa miaka mingi mahali ambapo watoto wa mgongo wazi na wa kichwa maji hufanyiwa upasuaji, na wazazi hutoka mbali sana kufika hapo.

Siko seli ni yetu sana sisi wa pwani, na familia zinazohamia Nakuru hushangaa kuona mtoto ambaye Kilifi alikuwa akiumwa mara moja kwa mwaka, huku anaumwa kila mwezi wa saba. Baridi huchochea maumivu yake. Mpasheni mwili kabla ya yote: soksi, maji ya kunywa kwa wingi, maji vuguvugu ya kuoga, taulo lisicheleweshwe. Kumpapasa taratibu mgongoni kwa mkono wenye joto kunamtuliza. Lakini mahali palipovimba au panapochoma kwa joto, au akiwa na homa, msikande, mpelekeni hospitali. Barafu wala kitambaa cha baridi visimguse.

Nije kwa miguu iliyopinda, ambayo ndiyo wakandaji wa huku na kule huahidi zaidi. Mguu kifundo wa kuzaliwa nao unatibika, na vizuri, kwa njia ya Ignacio Ponseti: plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7, mara nyingi na mkato mdogo wa mshipa wa kisigino, kisha viatu vyenye chuma vya kulala navyo mpaka miaka 4 hivi. Inafaa ianze wiki za mwanzo. Nimepokea watoto wa mwaka na nusu waliokandwa tangu arobaini, kwa nia njema kabisa, na wakati ule wote ulipotea. CURE, hospitali ya mifupa ya watoto iliyofunguliwa Kijabe mwaka 1998, hutibu miguu hiyo. Pwani, anzeni na Chama cha Walemavu wa Viungo, APDK, ambacho kiko nchini tangu 1958 na kina kituo Port Reitz.

Matege ni jambo jingine, na huku Bonde la Ufa lina sababu ambayo pwani haijulikani sana. Maji ya visima vingi vya Nakuru na vitongoji vyake yana floraidi nyingi inayotoka kwenye mawe ya volkeno. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vinavuka. Ndiyo sababu ya meno ya kahawia mnayoyaona kwa watu waliokulia huku. Ikizidi kwa miaka, huingia kwenye mifupa, viungo hukakamaa, na kwa mtoto anayekua miguu huweza kupinda. Upungufu wa vitamini D na wa madini ya kalsiamu huleta matege pia, kwa hiyo mtoto apimwe ijulikane ni lipi. Mkono hauwezi kuunyoosha mfupa huo. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, huizidisha, maana maji hupungua nayo hubaki. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru kwa miaka mingi imekuwa ikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyoiondoa. Wenye visima waulizie hapo.

Umri nao

Mtoto mchanga huongea kwa mwili. Akigeuza uso, akitanua vidole, akipata kwikwi, akipiga miayo au akijipinda mgongo, amechoka, hata kama umeanza sasa hivi. Dakika 5 zinamtosha. Tumboni zungusha mkono kwa mwelekeo wa akrabu za saa, ndio mwelekeo wa utumbo, lakini ngoja nusu saa hivi baada ya kunyonya. Alipochomwa chanjo pasisuguliwe.

Anayetambaa hatalala kitako umkande, na usimlazimishe. Mkande mguu mmoja akiwa na kikombe mkononi, umalizie mwingine kesho. Wa miaka 3 mpaka 6 anataka mchezo: mgongo ni meza ya unga, tunakanda chapati, tunasukuma, tunageuza. Kwa mwenye akili iliyochelewa, tazameni umri wa kuelewa pamoja na umri wa mwili. Kijana wa miaka 13 anayecheza kama wa miaka 4 bado ana mwili wa kijana, na stara yake ni ile ile. Afunikwe, aguswe mahali panapohusika tu, na aulizwe kwanza. Mama wa mvulana aliyebaleghe mara nyingi huniuliza ni nani aendelee naye. Baba au mjomba akifundishwa, hufaa zaidi.

Baridi, jiko na chupa

Kosa la pwani tunalokuja nalo huku ni kumvua mtoto nguo zote kama tulivyozoea. Nakuru mwezi wa Julai mtoto aliyekakamaa akipigwa na baridi hukakamaa maradufu na kazi yako imekwisha kabla hujaanza. Funua kiungo kimoja, kifunike, funua kingine. Saa nzuri ni adhuhuri, mlango unaoelekea juani ukiwa wazi.

Kosa la huku ni kubwa zaidi. Watu huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga madirisha, wakamkanda mtoto hapo. Hewa ya makaa haina harufu na huua familia nzima usingizini. Jiko lipashe maji nje, maji yaingie ndani ndani ya chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishiwa leso.

Kuhusu mafuta, ya nazi yanafaa, ya alizeti yanafaa, na ya alizeti hayagandi kwenye baridi ya huku. Yawe safi, yasiwe yaliyokaangiwa. Mafuta ya zeituni tunayaheshimu, lakini wachunguzi wa Uingereza walioyapima kwenye ngozi waliona yanaidhoofisha, hivyo kwa mtoto mchanga au mwenye ngozi kavu ya kuwasha yaacheni. Jaribuni tone moja mkononi siku moja kabla.

Mkono wa nani

Nakuru imekuwa jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, na kwa jiji huja mabango. Mengi yameandikwa "massage", na wengi wenu mnajua baadhi yake yanauza nini. Nimekasirika zaidi ya mara moja mtu akinicheka nilipomwambia kazi yangu. Lakini mzaha ule una upande wake wa maana: mkono juu ya mwili wa mtoto ni jambo la kulindwa. Shirika la Afya Duniani lilikusanya tafiti mwaka 2012 likaona kwamba watoto wenye ulemavu hufanyiwa ukatili mara 3.7 zaidi ya wenzao. Wengine hawawezi kusema. Kwa hiyo hakuna mtaalamu, mkandaji, mwalimu wala jamaa atakayefungiwa chumba peke yake na mtoto. Mimi mwenyewe humtaka mzazi abaki. Mtu akikuambia mtoto hutulia mama akitoka, badilisha mtu. Simu ya watoto nchini ni 116, na haina malipo.

Mtaalamu wa viungo nchini Kenya anasajiliwa na baraza lililoundwa kwa Sheria ya Wataalamu wa Viungo ya mwaka 2014. Mwombe leseni yake bila kuona haya. Mwenye nayo huitoa. Wakandaji wetu wa jadi siwadharau. Nyanyangu alikuwa na mikono inayosikia, na ninalofanya leo kwa mtoto aliyekakamaa, lile la kutuliza kiganja na kungoja, yeye alilifanya bila kusomea. Nilichomkosea ni kusahau kulifanya. Mkandaji wa namna hiyo mkaribishe kliniki, aje aone mtoto anavyolazwa na asipopaswa kuguswa. Wawili kati yao Bondeni huja kwangu, na huniletea watoto ambao zamani wangewachua nyumbani mwaka mzima.

Yule mvulana wa Molo alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Hatembei. Hukaa kwenye kiti chake saa nyingi bila maumivu, na mamake humkanda kila asubuhi kabla ya shule kwa mafuta ya alizeti.

Ukija mara ya kwanza kwa mtaalamu, njoo na kijitabu cha kliniki, karatasi ya kutoka hospitali alikozaliwa, dawa anazotumia zikiwa kwenye chupa zake, na picha zozote za eksirei. Njoo na leso mbili za zamani na mto mdogo, maana kliniki nyingi hazina. Mtoto awe amekula saa moja kabla. Na kwa watakaopanda kuja huku, leteni na soksi.